Tupeane uzoefu: Kuingiza jiko la chuma kwenye meko ya ukutani, nyumba za zamani za huku kwenye baridi

Mleta mada (Tukuyu)
Kamwene wadau. Juni imeshaingia na baridi ya huku haibembelezi mtu. Nakaa nyumba ya zamani ya matofali ya kuchoma, ina meko ya kuotea moto ukutani sebuleni. Ukiwasha, magoti yanaungua, mgongo uko palepale na baridi yake, kuni zinakwisha na joto lote linapanda na moshi. Nafikiria kuingiza humo jiko la chuma la kufungwa, lile lenye mlango wa kioo. Waliokwisha kufanya waje: fundi, vifaa, kuni, kero. Nadharia nimesoma za kutosha, nataka yaliyowakuta.

Mdau wa Mufindi
Mkuu, jiko liache kwanza, anza na dohani, ile njia ya moshi ya ukutani. Sisi tuko kwenye nyumba ya mashamba ya chai, ya enzi za Mwingereza. Jiko lilipofika kila mtu akawa anashangaa kioo, ila fundi uashi mmoja mzee akatuzuia tusiliguse. Akawasha majani mabichi mekoni, akampandisha kijana wake juu ya paa azibe mdomo wa dohani kwa gunia lililoloweshwa, halafu akatuambia tuzunguke vyumbani tuangalie. Chumba cha watoto moshi ulikuwa unachuruzika ukutani, juu kidogo ya kitanda, kwenye ufa mwembamba ambao rangi ilikuwa imeuficha. Darini ndiyo usiseme. Matofali yale yamejengewa chokaa na udongo, na moshi wa miaka yote hiyo umekula maungio. Tena kukakutwa boriti ya paa imeingizwa ndani ya ukuta wa dohani, ncha yake nyeusi tii.

Maelezo yake yalikuwa hivi. Moto wa wazi unapeleka juu moshi wa moto pamoja na hewa nyingi ya chumbani, kwa hiyo dohani pana inaumudu. Jiko lililofungwa linabana hewa, moshi wake ni kidogo na haujapata joto kama ule. Ukiuachia kwenye dohani pana unapoa njiani na kugandisha lami nyeusi kutani. Lami hiyo ikishika moto utasikia dohani inanguruma kama lori la mbao linapanda mlima Kitonga, na hapo boriti ile ndiyo ya kwanza kuondoka.

Kwa hiyo tulishusha bomba la stenlesi kuanzia kileleni mpaka kwenye jiko, upana ule ule wa tundu la jiko (letu milimita 150), bila kupunguza popote. Chini, nafasi iliyobaki kati ya bomba na dohani ikazibwa kwa bamba la chuma. Juu ikawekwa kofia, mvua isiingie. Boriti ilikatwa na kuegemezwa kwingine. Jiandae kisaikolojia: bomba na kazi yake vilikula hela kuliko jiko lenyewe, na mjadala ndani ya nyumba haukuwa mdogo.

Mdau wa Mbeya mjini
Mimi langu limechomelewa hapahapa Mwanjelwa, bamba la milimita 6, ndani limepangwa matofali ya kuhimili moto. Kioo fundi alitaka kukata cha dirisha. Nikamwambia hapana, hicho kinapasuka siku ya kwanza, na cha kuhimili moto kilikuwa hakipatikani kwa mfuko wangu. Nikachukua mlango wa chuma mtupu wenye kijitundu cha hewa cha kuteleza. Moto siuoni ila joto ninalo, asubuhi chuma bado cha uvuguvugu.

Angalizo ni bomba. Watakushawishi uweke bomba la mabati kwa kuwa ni rahisi na linang'aa. Ile ngozi yake ni zinki, na ikipata moto mkali inatoa moshi wa sumu. Waulize wachomeleaji ile homa inayowakamata jioni wakishinda kuchomelea mabati (na maziwa wanayokunywa hayatibu kitu, basi tu mazoea).

Dada wa Njombe
Kaka zangu mnasema chuma, mimi nisemee kuni, maana jiko zuri na kuni mbichi ni kazi bure. Huku tunatumia miwati: pasua mapema, panga chini ya bati upepo upite, iache kiangazi kizima. Unyevu unatakiwa ushuke chini ya asilimia 20. Kama huna kipimo, gonganisha vipande viwili. Kikavu kinalia kwa ukali, kibichi kinatoa mlio mzito. Mkaratusi pasua ukiwa mbichi, ukikauka utavunja shoka. Mabanzi ya paina kutoka kwenye mashine za mbao hayana ubaya yakikauka, yanafaa kuwashia. Mabichi ndiyo yanayojaza bomba masizi.

Kuna jambo moja naomba mnisikilize. Vipande vya nguzo za umeme, vile vyenye rangi ya kijani, msiviingize ndani ya nyumba. Vina dawa ya shaba, kromiamu na aseniki. Moshi wake sumu, na majivu yake pia sumu, halafu mtu anayachota kwenda kumwaga kwenye mchicha. Huku kwetu vinagawiwa kama bahati.

Mzee wa Iringa
Vijana, mimi sijaweka na siweki. Moto wa wazi ni wa kukaa na watu. Niliita fundi akapunguza mdomo wa meko kwa matofali pembeni na juu, ile kurudisha moshi sebuleni ikaisha. Kuni nakula nyingi, nakubali, lakini miti ni yangu.

Mleta mada
Shikamoo mzee, wewe una shamba, mimi nanunua kwa mzigo! Wa Mufindi, swali: madirisha yangu yamebadilishwa, ni ya aluminiamu, hayapitishi hata upepo. Jiko litapata wapi hewa?

Mdau wa Mufindi
Toboa ukuta karibu na jiko, weka bomba dogo la kutoka nje lenye wavu, na usilizibe hata baridi ikizidi. Hewa ikikosekana, moshi unarudi ndani, na ule usio na harufu ndio unaoua, sawa na jiko la mkaa chumbani.

Mdau wa Makete
Nimechelewa. Mkuu, kabla ya hilo jaribio la majani mabichi, piga kurunzi humo juu. Dohani yetu ilikuwa imelala bila moto muda mrefu, kumbe wamehamia nyuki. Waliposikia moshi walishukia sebuleni, sote tukatokea dirishani. Mrina asali alikuja jioni akawatoa, akaondoka na ndoo nzima. Sisi tulibakiziwa masega yaliyojaa masizi.