Mvua ilikatika asubuhi, mto umejaa jioni

Binamu: Shikamooni nyote. Mvua ilikatika alfajiri na jua limewaka mchana kutwa. Mbona mto umeanza kujaa jioni hii, na maji yamekuwa mekundu kwa tope?

Mjomba: Marahaba, mpwa wangu. Maji hayo hayakunyesha hapo ulipo. Yameanguka mbali juu bondeni, yakateremka vilima, yakaingia vijito, na vijito vikakutana kabla ya kukufikia wewe; ndiyo maana kilele cha mto huja baada ya kilele cha mvua, kwa saa chache katika mto mdogo, kwa siku au majuma katika mto mrefu. Tafadhali usivuke.

Mama Mdogo: Kaka, mwanzoni mwa mwezi ilinyesha mvua kubwa kuliko hii, na mto haukuonyesha dalili yoyote.

Mjomba: Ile iliikuta ardhi ina kiu, dada. Milimita 20 za mvua zikilinyeshea bonde lote la kilomita za mraba 50, hizo ni mita za ujazo 1,000,000. Tuseme udongo mkavu unaruhusu sehemu moja ya kumi tu itiririke: mto utapata 100,000. Udongo ukishashiba kwa mvua za mfululizo, na nusu ya maji ikakosa pa kuingia, mto utapokea 500,000 kwa mvua ileile. Hata hivyo, ardhi iliyokauka ikawa ngumu kama sakafu nayo huyakataa maji, hasa mvua ikishuka kwa nguvu.

Babu: Tulipokuwa vijana, milima ikiwa bado na msitu, mto huu ulipanda taratibu na haukukauka kiangazi. Siku hizi hufurika ghafla, kisha hubaki mawe matupu.

Mjomba: Ni kweli, baba, na mambo hayo mawili ni jambo moja. Majani hupunguza kishindo cha matone, na mizizi huufungua udongo ili maji yazame. Yakishazama, hutoka polepole kupitia chemchemi, na hayo ndiyo yanayoulisha mto wakati hakuna mvua. Mapaa, lami na mitaro huyapeleka yote mtoni kwa mara moja, kwa hiyo maji tunayoyaogopa leo ndiyo tutakayoyakosa kiangazi. Linaniuma sana hilo.

Binamu: Basi yatapungua lini, mjomba? Hapa kivukoni yanaonekana kama hayafiki magotini.

Mjomba: Mto hupanda upesi na kushuka taratibu, kwa sababu ardhi huendelea kuutiririshia maji hata baada ya mvua kukatika. Maji yaendayo kasi, hata yakiwa na kina cha sentimita 15 tu, yanaweza kumwangusha mtu mzima, na yale ya sentimita 60 huchukua magari mengi. Chomeka kijiti ukingoni, mahali salama, utazame kama maji yanakipita.

Binamu: Nimechomeka. Yamekipita.

Mama Mdogo: Rudi ulikotoka, mwanangu, ukalale huko. Tutakungoja kesho.