Wakuu naomba ushauri: vidonge vya machungwa vya bi mkubwa, ninunue au nimepigwa?

Nahodha_Shangani: Habarini wakuu, niko Mtwara mjini. Bi mkubwa wangu ana presha, mwaka wa tatu yupo kwenye dawa. Juzi kapita jamaa na vidonge vyake anasema ni flavonoidi za machungwa, yani viini vya asili vya kwenye matunda, eti ukimeza dakika tano tu zishaingia kwenye damu zinazibua mishipa. Bei ya kopo nanunua machungwa gunia na chenji inabaki. Mama ananisumbua kila siku. Sasa mi najiuliza haya machungwa tunayomenyewa na kisu pale sokoni yakabaki na weupe wake, si kitu kile kile?? Wenye uelewa nisaidieni, matusi pembeni.

Korosho_Ghafi: dakika tano hata pilipili haijafika tumboni 😂

Binti_Nachingwea: Mkuu nimesomea famasi kidogo. Flavonoidi iliyo nyingi zaidi kwenye chungwa inaitwa hesperidini, na imejaa zaidi kwenye ule weupe na kambakamba ambazo wengi wetu tunafyonza maji afu tunatema. Sasa hiyo kitu imeshikana na sukari, utumbo mwembamba hauwezi kuipokea ivo ivo, inapita mpaka utumbo mpana, kule bakteria ndo wanakata ile sukari ikibaki hesperetini ndo inapenya, na hata ikipenya ukuta wa utumbo na ini vinaibadilisha tena kabla haijazunguka mwilini, yani inayotembea kwenye damu sio ile uliyomeza. Ukinywa juisi saa mbili asubuhi, kwenye damu inafika kilele kama saa saba mpaka saa tisa mchana, na kesho yake figo zishaitoa kwenye mkojo. Nyingi haiingii kabisa, bakteria wanaikatakata kuwa vitu vingine vidogo. Na kwa kuwa bakteria wa tumboni mwako sio wa kwangu, wewe unaweza kupata nyingi mi nikapata kiduchu kwa chungwa lile lile. Huyo wa dakika tano muulize anapitishia njia gani.

Nahodha_Shangani: Daah asante sana dada. Basi ataendelea na matunda, kuna jirani ana mbalungi huku Mikindani tunaletewa, mama anayala na chumvi na pilipili karibu kila siku.

Binti_Nachingwea: Subiri kwanza. Anatumia dawa gani?

Nahodha_Shangani: Nimeenda kuangalia boksi, nifedipini.

Binti_Nachingwea: Simamisha balungi, DAWA ASIACHE. Balungi lina kitu kinaitwa furanokumarini, kinazima kimeng'enya cha ukuta wa utumbo ambacho kazi yake ni kupunguza dawa kabla haijaingia kwenye damu, kikizimwa dawa inaingia nyingi kuliko alivyopimiwa na presha inaweza kushuka sana. Na usiseme atakula asubuhi ameze dawa usiku, hiyo athari inakaa siku nzima mpaka siku tatu. Danzi nalo aache. Chungwa tamu la kawaida halina shida. Akirudi kliniki mwambie daktari alikuwa anayala.

Korosho_Ghafi: kumbe ndo maana mzee wangu kapewa simvastatini, dawa ya kolesteroli, akaambiwa asiguse balungi, tukajua daktari ana roho mbaya tu

Nahodha_Shangani: Mama kanuna hatari, kasema nimetumwa. Yaliyobaki matano nimempa mtoto ayarudishe kwa jirani... ila jirani mwenyewe nae anameza za presha, ngoja nimkimbilie.