Ripoti ya ultrasaundi ya mama: ini "haiperekoiki" maanake nini?

BintiMkomani
Asalam aleikum jamani. Mamangu kapigwa ultrasaundi ya tumbo juzi hapa Lamu, ripoti yasema ini ni haiperekoiki kuliko figo, halafu figo ya kulia ina sisti anekoiki. Yuwaumwa na sukari. Daktari twamuona Alhamisi na mama hali chakula vizuri, adhani ni saratani. Naomba mnieleze haya maneno.

MpigaPicha_Malindi
Waleikum salam dadangu, mpe mama pole. Hayo si majina ya magonjwa, yaelezea weupe na weusi kwenye picha tu. Mashine hutuma sauti ambayo sikio haliisikii, ikirudi mwangwi mwingi mahali pale paonekana peupe. Maji safi hayarudishi kitu, kwa hivyo mkojo, nyongo, damu ndani ya mshipa, vyote ni vyeusi ti, ndo anekoiki. Haipoekoiki ni kijivu kilichokoza kuliko jirani yake, aisoekoiki wamelingana, haiperekoiki ni peupe kumshinda jirani.

Hapo "kuliko figo" ndo pa kuangalia. Mtu akiongeza geini ya mashine, yaani kile kitufe cha kukuza mwangwi, ini lote lang'aa hata kama ni zima, kwa hivyo twaweka ini na figo kwenye picha moja twalinganisha hapohapo. Ini zima huwa sawa na nyama ya nje ya figo au lazidi kidogo tu. Likizidi sana mara nyingi ni mafuta kwenye ini, na wagonjwa wa sukari twawaona nayo sana. Sisti ni kijifuko, ikiwa nyeusi tupu, ukuta mwembamba, na nyuma yake pameng'aa, hayo ni maji tu, watu wazima wengi wanazo na hawajui.

Kaka_wa_Shela
Mimi nilionyeshwa jiwe la nyongo, jeupe pee, na chini yake mstari mweusi. Huo mweusi nao ni maji?

MpigaPicha_Malindi
La, hicho ni kivuli. Ni kama jua likipiga ukuta wa kichochoro, upande wa pili hapapati mwanga, basi jiwe nalo lazuia sauti isipite. Ndo maana twakwambia ulale ubavu, jiwe huviringika likashuka, kinyama kilichoota kwenye ukuta wa kifuko cha nyongo hakisogei.

NesiWaKisiwani
Niongeze jambo kwa sababu mama ana sukari. Sukari ya muda mrefu yaweza kuharibu figo, na figo iliyoharibika nayo yaweza kuwa nyeupe, sasa ukiilinganisha na ini unaweza ukaona ini liko sawa na kumbe silo, hapo watu huangalia na wengu pia. Alhamisi ulizeni kriatinini, kile kipimo cha damu cha figo, na vipimo vya damu vya ini, picha peke yake haiwezi kusema ini limeumia kiasi gani. Ripoti imeandika urefu wa figo?

BintiMkomani
Ahsanteni sana, Mungu awalipe. Nimemsomea mama yote, hapo kwa sisti kanirudisha nisome tena. Urefu upo, kulia sentimita 10.1, kushoto 10.4. Kriatinini alipimwa mwaka jana, naitafuta ile karatasi.

NesiWaKisiwani
Urefu uko sawa kwa mtu mzima. Hiyo ya mwaka jana ibebe, lakini mwambie daktari mwataka mpya.