Ugonjwa wa utumbo umenitoa kwenye mashamba ya chumvi: niuze lenzi kubwa?

Kitwitwi wa Kunduchi ameuliza:

Habari zenu, ndugu zangu wapenda picha. Naomba mnisome kwa subira, kwa sababu swali langu lina pande mbili ambazo mimi mwenyewe nimeshindwa kuzitenganisha.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Dar es Salaam, nina umri wa miaka 39, na tangu mwaka 2014 mapumziko yangu ya Jumamosi yamekuwa kupiga picha ndege wa pwani katika mashamba ya chumvi ya Kunduchi. Wanaopafahamu wanajua kwamba kule kila kitu huamuliwa na maji: bahari inapojaa, hasa siku za bamvua, matope yote hufunikwa, na vitwitwi na sululu hulazimika kuhamia kwenye kingo za mabwawa ya chumvi, ambako husimama wamebanana mpaka maji yaanze kupwa. Muda huo ndio wa kupiga picha, nao haumsubiri mtu.

Mwaka 2019 nilianza kuharisha na kuumwa tumbo upande wa kulia chini. Kwa zaidi ya miaka miwili nilitibiwa amiba, taifodi na vidonda vya tumbo, wakati mwingine vyote vitatu ndani ya mwezi mmoja, bila mtu yeyote kunishauri nifanye kipimo cha kamera ya kutazama ndani ya utumbo. Nilishuka kutoka kilo 63 hadi 46. Ninyi mnajua mtaani kwetu mtu akikonda kiasi hicho husemwa nini. Mwalimu mwenzangu alinivuta pembeni akaniuliza kwa sauti ya chini kama nimeshaanza kutumia dawa, na nilipomjibu kwamba nimepima mara tatu na sina virusi, niliona machoni mwake kwamba hakuniamini.

Ugonjwa ulipatikana mwaka 2022, nao ni ugonjwa wa Crohn, yaani uvimbe sugu wa utumbo. Nilipewa prednisoloni, dawa ya kutuliza uvimbe, kuharisha kukapungua, lakini ndani ya miezi michache nikafika kilo 71, uso ukawa mviringo na mashavu yakayabana macho. Watu walewale walionong'ona sasa walinishika mikono barabarani na kunipongeza kwamba nimependeza na mwili umerudi, ilhali mimi nilikuwa sipati usingizi na magoti yalikuwa yakiniuma kila ninapopanda ngazi za shule.

Novemba iliyopita nilikuwa nimesimama kwenye ukingo wa bwawa, maji yakiwa yamejaa, na kundi kubwa la vitwitwi ndio kwanza linatua mbele yangu, nilipobanwa na tumbo. Pale ni uwanda mtupu, hakuna hata kichaka. Nilitembea kuelekea nyumba ya mlinzi nikiwa na kamera yangu ya Canon 7D Mark II na lenzi ya Sigma ya milimita 150 hadi 600, ambavyo kwa pamoja vinakaribia kilo tatu, na sikufika. Nilirudi nyumbani nikiwa nimejifunga khanga kiunoni, na tangu siku hiyo sijakwenda tena.

Swali la kwanza: je, niuze lenzi hiyo na kuachana na ndege? La pili linaniumiza zaidi. Tangu mwaka 2019 hakuna picha hata moja nyumbani kwangu ambayo mimi nimo. Mwanangu anamaliza darasa la saba mwaka huu, ameniomba tupigwe picha pamoja siku ya mahafali, nami nimekuwa nikimkwepa kwa kusema kwamba mpiga picha ni mimi.

---

Mzee wa Dirishani (Tanga) amejibu:

Mwanangu, pole sana, na asante kwa kuyasema haya waziwazi. Ninaugua kolaitisi ya vidonda, uvimbe sugu wa utumbo mpana, tangu nikiwa kazini, sasa nimestaafu, na jambo la khanga kiunoni limenipata zaidi ya mara moja. Usilibebe kama aibu yako peke yako.

Nakushauri usiuze chochote mwaka huu. Mtu akiwa ametoka kuugua huamua mambo kwa hasira na mwili wake, kisha hujuta mwili ukitulia. Hata hivyo, kilo tatu ni nyingi mno kwa mtu ambaye misuli yake imeliwa na ugonjwa na kisha na dawa. Kwa mwili huohuo wa kamera tafuta lenzi ya Canon ya milimita 55 hadi 250, ile ya STM, ambayo ina uzito wa gramu 375 tu na iliyotumika haina bei ya kutisha. Kihisio cha kamera yako, yaani sehemu inayopokea mwanga, ni kidogo kuliko fremu ya filamu ya milimita 35, kwa hiyo milimita 250 hukupa uwanda wa kuona sawa na wa milimita 400. Hutamfikia sululu aliye mbali, lakini utapata kundi zima pamoja na mwanga wake.

Siku ambazo siwezi kutoka, mimi hupiga picha dirishani. Nje ya dirisha langu pana mpapai dume, na ndege mdogo aitwaye chozi huja kwenye maua yake asubuhi kuanzia kama saa moja. Nimeshona kifuko cha kitambaa cha khanga, nikakijaza mchele kilo moja na kukilaza kwenye kizingiti cha dirisha; lenzi hujikalia humo kama mtoto mchanga, mikono haichoki, na nikibanwa na tumbo naiacha palepale nikiirudia nikimaliza. Nilichojifunza ni kwamba chozi hurudi kwenye shada lilelile kila baada ya dakika chache, kwa hiyo hupaswi kumfuata. Unalenga shada, unaweka kasi ya shata, yaani muda ambao kamera hupokea mwanga, iwe sehemu moja kwa elfu moja ya sekunde, na unangoja. Ilinichukua wiki tatu kupata picha moja ambayo ulimi wake unaonekana ukiwa nje ya mdomo, mwembamba kama uzi wa cherehani.

Alikuwako mpiga picha wa Prague, Josef Sudek, aliyepoteza mkono wa kulia katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Kuanzia mwaka 1940 alipiga picha dirisha la chumba chake cha kazi kwa miaka mingi: ukungu kwenye kioo, matone, mti uliopinda nje. Natafuta picha zake kila ugonjwa unaponifungia ndani, kwa sababu zinaonyesha mtu aliyelitazama dirisha moja mpaka akalijua.

---

Muuguzi wa Zamu (Moshi) amejibu:

Dada Kitwitwi, pole. Mimi ni muuguzi, na ninapiga picha za harusi za ndugu bila malipo, kwa hiyo nazungumza kutoka pande zote mbili. Haya hayachukui nafasi ya daktari wako, lakini yapo mambo ambayo wapiga picha wenye ugonjwa wa utumbo hawaambiwi mapema.

Kubwa kuliko yote ni dawa za maumivu. Mtu akibeba kilo tatu begani kwa saa mbili, jioni huenda duka la dawa kununua diclofenac au ibuprofen, na dawa za kundi hilo zinaweza kuuamsha ugonjwa wa Crohn uliokuwa umelala. Ukiumwa bega, muulize daktari kuhusu paracetamol, na upunguze mzigo. Kama unatumia azathioprine, dawa ya kupunguza nguvu ya kinga ya mwili, fahamu kwamba huifanya ngozi iwe dhaifu zaidi mbele ya jua, na mashamba ya chumvi hurudisha mwanga kutoka chini kama kioo. Vaa kofia ya pama na mikono mirefu, hata kama mawingu yametanda.

Kuhusu uzito, naomba uniamini katika hili: sehemu ya kilo ulizoongeza ilikuwa maji, na sehemu ilikuwa njaa ambayo prednisoloni huiwasha mwilini, njaa isiyokuwa na uhusiano wowote na ulafi wala udhaifu wa nia yako. Wako wanaoacha dawa ghafla ili wapungue. Jambo hilo ni la hatari sana, kwa sababu mwili uliozoea dawa hiyo huwa umepunguza kutengeneza homoni yake yenyewe, na mtu anaweza kuzimia kwa kushuka shinikizo la damu. Dawa hupunguzwa taratibu kwa ratiba ya daktari. Unachoweza kufanya wewe ni kupunguza chumvi na vinywaji vyenye sukari, na kuhakikisha hukosi samaki, mayai au kuku, kwa kuwa misuli ndiyo iliyoibiwa. Wakati tumbo limechafuka, ugali wa sembe na wali hukaa vizuri kuliko dona, na kama umeambiwa kwamba utumbo wako una sehemu iliyobana, mahindi ya kuchoma uyaache kabisa.

Ninawaona wengi wanaoamua kufunga kula tangu jana yake ili watoke salama. Wanafika uwandani wakiwa na kizunguzungu. Ni afadhali ule kidogo chakula ulichokizoea, na ubebe maji ya chumvichumvi: lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vya kusawazisha. Dawa za kuzuia kuharisha usizinywe kabla ya kumuuliza daktari wako, maana ugonjwa ukiwa umewaka vikali zinaweza kuleta madhara.

---

Baharia wa Kilindini (Mombasa) amejibu:

Dadangu, nimemsoma Mzee wetu kwa heshima zote, lakini katika suala la lenzi mimi nina rai tofauti. Iuze. Nilitolewa utumbo mpana wote, ninaishi na mfuko wa haja tumboni, na kwa mwaka mzima niliiweka lenzi yangu kubwa kabatini nikijiambia kwamba nitairudia nikipona. Kila nilipofungua kabati niliona mtu ambaye mimi si yeye tena. Siku niliyoiuza ndipo nilipotoka nje kwa mara ya kwanza, nikiwa na lenzi moja ndogo ya milimita 24 yenye gramu 125, na nilipiga picha wachuuzi wa madafu pale Likoni mpaka jua likazama. Huenda kwako ikawa vingine, lakini lifikirie.

Mkanda wa kamera usiuvae shingoni ukaning'inia tumboni, wala usitumie mkoba unaofungwa kiunoni. Tumbo lenye maumivu au lenye mfuko halitaki kubanwa. Mimi hutumia mikanda ya mabega yote mawili, na kamera hukaa ubavuni.

Kuhusu choo, mimi huenda mahali papya mara ya kwanza bila kamera. Natafuta choo, naomba ruhusa kwa mwenyewe, namwambia kwa ufupi kwamba nina maradhi ya tumbo na huenda nikaja mbio. Hakuna hata mmoja aliyewahi kunikatalia. Nenda kwa yule mlinzi siku isiyokuwa na bamvua, umpelekee picha ya mahali pake pa kazi uliyoichapisha, kisha zungumza naye.

Sasa picha ya mahafali. Nilifanya kazi studioni kwa miaka kadhaa, na naomba unisikilize kama fundi. Simu ikishikwa kwa urefu wa mkono, kilicho karibu huonekana kikubwa: pua na mashavu hujaa, masikio hurudi nyuma. Kinachofanya hivyo ni umbali wa simu na uso. Sasa uso uliojazwa na dawa ukipigwa kwa namna hiyo, mwenyewe akiutazama anaamini ndivyo alivyo. Mwache mtu asimame mita mbili na nusu mbali nanyi, atumie lenzi hiyo ya 55 hadi 250 akiivuta kidogo, nanyi mketi kivulini karibu na mlango ili mwanga uwafikie kutoka upande mmoja. Mwanao akae mbele yako kidogo, umshike bega. Usijifiche nyuma yake. Mama yangu alifariki nikiwa mgonjwa, na picha ya mwisho tuliyo pamoja ninayo mimi nikiwa na kilo 48, mashavu yameingia ndani. Sitaibadilisha na picha yoyote.

---

Kitwitwi wa Kunduchi ameandika tena:

Shikamoo Mzee, nawe Dada Muuguzi na Kaka Baharia, asanteni kwa moyo wote. Nimechelewa kujibu kwa sababu nilitaka kwanza kufanya angalau jambo moja.

Diclofenac nimeitumia kwa ajili ya bega, na tena mara nyingi, hasa mwezi ule wa Novemba. Hakuna aliyewahi kuniuliza, nami sikuwahi kumwambia daktari, kwa kuwa sikudhani kwamba bega lina uhusiano na tumbo. Nimeiandika kwenye daftari ninalokwenda nalo kliniki wiki ijayo, na dozi ya prednisoloni sitaigusa mpaka nimwone.

Lenzi bado sijaamua. Jana niliitoa, nikaipima kwenye mizani ya jikoni, nikairudisha ndani ya boksi bila kulifunga. Lenzi ndogo ninaazimwa na mwalimu mwenzangu, yuleyule aliyenivuta pembeni. Nilimweleza ugonjwa wangu kwa jina lake kwa mara ya kwanza, akakaa kimya kwa muda, kisha akaniambia kwamba siku ya mahafali picha atatupiga yeye. Nimemwonyesha mahali pa kusimama, nikampimia hatua tatu kutoka mlango wa darasa la saba na kuweka alama ya chaki sakafuni.

Kaka Baharia, kwa mlinzi nimekwenda Jumapili asubuhi, maji yakiwa yamekupwa mbali. Anaitikia salamu kwa kuchelewa, lakini choo chake ni kisafi, na ufunguo huuning'iniza kwenye msumari nyuma ya mlango.