Tupeane uzoefu: wazee wetu wa Kusini waliojifunza kila kitu wenyewe

Mjukuu wa Newala: Wakuu, habari za jioni. Juzi tumemaliza arobaini ya babu yangu mzaa mama kule Newala. Nikapewa kazi ya kupanga vitu vyake, nikakuta kaunta buku nne zimefungwa kwa kamba ya katani. Kila msimu wa korosho una ukurasa wake: magunia, kilo, bei, salfa, vibarua wa palizi. Pembeni, kwa kalamu nyekundu, "sawa" au "wamenipunja".

Babu hakuwahi kukaa darasani. Herufi alizipata kwa kuchungulia daftari la mdogo wake aliyesoma kwa wamisheni, zilizobaki akamalizia kwenye magazeti ya kufungia sukari. Mwalimu Nyerere alipoutangaza 1970 kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, darasa la kisomo likafunguliwa kijijini. Babu akaenda kujiandikisha, akarudi na chaki: wamempa afundishe wenzake.

Ila nilichotaka kuwasimulia hasa ni saruji. Wanaoijua Newala wanajua shida ya maji kule juu. Bibi zetu walikuwa wanateremka bondeni alfajiri, wanarudi na ndoo kichwani jua limeshapanda. Babu akakaa siku tatu anamtazama fundi anajenga tangi la msikiti, hakuuliza neno, akaenda kuchimba lake la kuvunia maji ya bati. La kwanza lilivuja lote. La pili tunakunywa mpaka leo.

Ukabaki mfuko mmoja wa saruji haujafunguliwa. Korosho zilipoanza kupokelewa akaufunga kwenye keria ya baiskeli, juu yake gunia la korosho, mpaka ghala la chama. Zamu yake ilipofika akatanguliza saruji kwenye mizani. "Karani, nisomee." Karani akasoma arobaini na sita. Babu akaugeuza mfuko, akamwonyesha palipoandikwa kilo 50. Yeye hakupandisha sauti. Foleni ndiyo iliyopandisha! Tangu hapo karani akiiona ile baiskeli kwa mbali anaanza kuihangaikia mizani.

Karibuni, nani mwingine alikuwa na mzee wa hivi?

Mtu wa Nachingwea: Pole sana mkuu. Wangu alikuwa babu mzaa baba. Waingereza walipoleta ule mradi wa karanga 1947 alikuwa kijana, akaajiriwa kung'oa visiki. Kazi yake visiki, macho yake kwenye matrekta. Mradi ulikufa 1951, wazungu wakaondoka, reli ya kwenda Mtwara nayo ikaja kung'olewa. Kilichobaki kwa babu ni masikio. Alikuwa anaweka ncha ya bisibisi kwenye injini na mpini sikioni, anakwambia bearingi ipi imekwisha. Mashine za kusaga za vijiji vitatu zilikuwa zinamngoja yeye. Kusoma hakujua hadi anakufa, jina lake tu ndiyo aliweza kuandika, tena kwa herufi kubwa.

Binti Mwera: Kwetu Lindi mkitaja mzee wa ukoo mimi namkumbuka mjomba, siyo baba. Waliolelewa kwa mila za Kimwera wananielewa: ada ya shule mjomba, mahari mjomba, ugomvi wa ndoa mjomba. Wangu alijifunza cherehani kwa kufumua. Alinunua suruali kuukuu mnadani, akaifumua uzi kwa uzi, akaitandaza chini, akakata kitambaa kipya kwa kuifuatisha. Sare za shule za watoto wote wa dada zake kashona yeye.

Lakini tusiwapake asali tu jamani. Alikuwa mkali mno. Ukikosea kushona kifungo ulilala njaa. Nimemheshimu sana, kumzoea sikuwahi.

Dereva Mstaafu: @Binti Mwera umesema kweli tupu. Baba yangu alikuwa utingo, udereva aliuiba kwa kutazama miguu ya dereva. Enzi hizo hakuna Daraja la Mkapa, limefunguliwa 2003. Rufiji mnavuka kwa kivuko pale Ndundu, masika mnalala njiani hata wiki. Akirudi nyumbani hatukujua tumkimbilie au tujifiche.

Kijana wa Chikongola: Mimi swali dogo tu kwa mleta mada. Ile saruji mwishowe aliijengea nini?

Mjukuu wa Newala: 😂 Hakuijengea. Bibi aliomba isakafiwe jikoni, akakataa, "hiyo ni karani wangu." Kila msimu ilipanda baiskeli kwenda na kurudi. Mwaka mmoja mvua iliwahi, ikalowa njiani, ikashika ikawa jiwe. Mpaka sasa ipo uani chini ya mkorosho, ndipo tulipokuwa tunakaa kumenya ming'oko. Siku ya arobaini binamu yangu mmoja akaileta mizani ya dukani kwake, tukaipandisha watu wawili. Hamsini na mbili na nusu.

Kijana wa Chikongola: Hapo mzee angeandika nini kwa kalamu nyekundu?

Mjukuu wa Newala: Tumeshaandika. Ukurasa wa mwisho, kaunta buku ya nne: "sawa".