Mjadala: Je, fedha za usalama wa vyuo vikuu zitangulie langoni au kwa mwanafunzi?

Mwanzisha mada

Ndugu wachangiaji, ninaleta mbele yenu swali ambalo naona limecheleweshwa mno: chuo kikuu cha umma nchini Kenya kikiwa na fedha kidogo za usalama, zitangulie wapi, langoni au kwa mwanafunzi mwenyewe?

Tarehe 2 Aprili 2015, magaidi wa Al-Shabaab walivamia Chuo Kikuu Kishiriki cha Garissa alfajiri, wakaua watu 148, wengi wao wanafunzi, na mzingiro haukuisha hadi usiku. Tangu siku hiyo jibu letu kubwa limekuwa walinzi zaidi, ukaguzi wa vitambulisho na kamera. Sipingi hata kimoja kati ya hivyo. Ninachopinga ni kuishia hapo, kwa sababu mwaka ule ule ulitupa mafunzo mengine mawili ambayo tuliyasahau upesi. Siku kumi tu baada ya Garissa, hitilafu ya umeme ilisababisha mlipuko kabla ya mapambazuko katika bewa la Kikuyu la Chuo Kikuu cha Nairobi. Wanafunzi, wakiamini kwamba wamevamiwa, walijirusha kutoka madirishani na kukanyagana, mmoja akafariki na zaidi ya mia moja wakajeruhiwa. Kisha tarehe 30 Novemba, katika Chuo Kikuu cha Strathmore, lilifanywa zoezi la usalama lenye milio ya risasi, na waliodhani kwamba ni shambulio la kweli wakaruka kutoka ghorofani. Mfanyakazi mmoja alipoteza maisha.

Katika visa hivyo viwili hapakuwa na gaidi hata mmoja. Watu wale walihitaji kujua mlango upi unatoka nje, mahali pa kukusanyika, na sauti ya nani iaminike giza linapoingia na kishindo kikisikika. Hayo ni mambo yanayofundishwa kwa nusu siku mwanzoni mwa muhula, na gharama yake haifikii hata sehemu ndogo ya gharama ya lango jipya.

Kuna pia jeraha lisiloonekana. Manusura wa Garissa walipofikishwa Nairobi, walipokewa na jamaa zao katika Uwanja wa Nyayo, ambako walikuwapo washauri nasaha. Baadaye wengi wao walihamishiwa Chuo Kikuu cha Moi, Eldoret, ili waendelee na masomo. Swali langu ni nani anayeendelea kumsikiliza kijana kama huyo mwaka wa pili na wa tatu, wakati hakuna tena aliyekuja na kamera za habari. Nilipokuwa mwanafunzi, katika chuo ambacho sitakitaja, ofisi ya ushauri nasaha ilikuwa kwenye ujia mmoja na ofisi ya nidhamu, na kila aliyeonekana akipita pale alidhaniwa ameshtakiwa kwa kosa fulani. Mwenzangu wa chumba aliyefiwa na mama yake alikataa kabisa kwenda. Aliacha masomo muhula uliofuata.

Mchangiaji wa kwanza (mzazi)

Ndugu mwanzisha mada, nimekusoma kwa makini, lakini sikubaliani nawe kuhusu kipi kitangulie. Ushauri nasaha humpokea aliyebaki hai. Pale Garissa, waliopita langoni walikuwa na bunduki, na kikosi maalumu kilichoweza kuwakabili kilikuwa Nairobi, mamia ya kilomita kutoka pale, nacho kilichelewa kufika. Chuo kilipofunguliwa tena Januari 2016, kilifunguliwa kukiwa na polisi ndani ya eneo lake, na mimi kama mzazi nisingemrudisha mwanangu bila hilo. Binti yangu sasa yuko mwaka wa pili katika chuo kingine. Kila nikimpigia simu jioni, swali langu la kwanza ni kama amekwisha kuingia ndani ya lango. Mafunzo unayoyataja ni mema, nami nayaunga mkono, ila yasiwe sababu ya kupunguza mlinzi hata mmoja.

Mchangiaji wa pili (mkutubi)

Naomba niongeze jambo ambalo halitajwi kabisa usalama unapojadiliwa, nalo ni majarida ya kitaaluma. Vyuo vyetu hulipia majarida ya mtandaoni kwa pamoja kupitia muungano wa maktaba, KLISC, na mara nyingi mchapishaji humtambua msomaji kwa mtandao wa chuo anaotumia. Mabweni hayatoshi, kwa hiyo wanafunzi wengi wamepanga vyumba mitaani. Na pale ambapo chuo hakijaweka njia ya kuingia ukiwa mbali, au kimeiweka bila kuwafundisha wanafunzi kuitumia, makala hufungika mara tu mwanafunzi anapotoka nje ya uzio. Matokeo yake ni kwamba anayeandika tasnifu hubaki maktabani mpaka taa zizimwe, kisha hutembea peke yake gizani kurudi alikopanga. Nimewafungia mlango wasichana wengi saa hiyo, na kila mara moyo wangu huwafuata. Akaunti ya kusomea nyumbani, pamoja na mlinzi wa kuwasindikiza hadi kituo cha matatu, ingewapunguzia hatari kuliko kamera nyingine.

Mwanzisha mada

Mkutubi, nakushukuru, hilo sikuwa nimelifikiria, na ninaona linapasa kuwekwa mbele ya hoja zangu zote kwa sababu linamhusu mwanafunzi kila siku ya wiki.

Mzazi, uchungu wako naufahamu, na ninakubali kwamba walinzi wasipunguzwe. Lakini bunduki ikishaingia chuoni haichagui wa kumwelekea. Tarehe 27 Februari 2018, kiongozi wa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Meru, Evans Njoroge, alipigwa risasi akafa polisi walipokuwa wakizima maandamano ya wanafunzi. Naye pia alikuwa mtoto wa mtu. Ndiyo maana nasisitiza kwamba polisi wanapokuwa chuoni, pawepo maandishi yanayosema wanaitwa na nani, kwa sababu ipi, na nani anawajibika wanapokosea.

Ningependa kusikia kutoka kwa walio vyuoni wakati huu: mlionyeshwa lini mara ya mwisho njia ya kutokea wakati wa dharura?

Mchangiaji wa tatu (mwanafunzi)

Niko mwaka wa tatu na sijawahi kuonyeshwa. Kitambulisho changu hukaguliwa kila asubuhi, na ninashukuru kwa hilo. Baada ya kusoma mjadala huu nilikwenda kuutazama mlango wa nyuma wa bweni letu, wenye maandishi ya dharura juu yake. Umefungwa kwa kufuli. Nilimuuliza msimamizi wa bweni ufunguo uko wapi, akaniambia uko kwa mlinzi wa langoni.