Mrejesho: ile riwaya yangu imefikia wapi

Wakuu, habari za siku. Niliwauliza namna ya kumaliza riwaya huku nikiuza dawa dukani, na kama nijichapishie au nitafute mchapishaji. Rasimu ya kwanza imekamilika.

Ushauri ulionifaa zaidi ni ule wa kuandika kwa kalamu alfajiri, simu ikiwa chumba kingine. Naachia katikati ya tukio, nikiwa bado najua kinachofuata, hivyo kesho yake sihangaiki kutafuta pa kuanzia. Jioni nachapa kwenye kompyuta, na hapo ndipo sentensi nyingi zinapokufa. Mazungumzo nayasoma kwa sauti. Yule bibi wa Tanga, mhusika wangu, alikuwa anaongea kama msoma taarifa ya habari. Sasa anafoka vizuri tu.

Kujichapishia nimekuweka pembeni. Njia ipo: ISBN, yaani namba ya utambulisho wa kitabu, unaipata Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania, kazi unaisajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki. Ila kuzungusha nakala mkononi ni biashara nyingine kabisa, na mtaji wangu wote uko kwenye rafu za dawa. Nitaanza na Tuzo ya Mwalimu Nyerere ya uandishi bunifu, inayosimamiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania (TET), dirisha likifunguliwa. Ikishindikana kuna ile ya Safal-Cornell ya fasihi ya Kiswahili, nayo hupokea miswada ambayo haijachapishwa.

Kwa sasa natafuta msomaji mkali, asiye ndugu yangu. Mama kasoma sura tatu, anasema zote nzuri. Haisaidii hiyo.